Moto Uuzwao kwa Mkebe

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa njia ya lami, akiisha kuipita njia panda ya Machakos, hufika kwenye uwanda mpana wenye upepo mkavu na migunga iliyotawanyika, na hapo, upande huu na upande ule wa barabara, ndipo ulipo mji mdogo wa Malili, ambao jina lake lilivuma mwaka 2009, Serikali iliponunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na likavuma tena tarehe 23 Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alipokuja kuuzindua mji huo. Mengi yamesemwa juu ya mji huo wa kesho, wala sina haja ya kuyarudia. Mimi nataka kuzungumza habari ya jiko langu.

Si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa Mombasa, katika nyumba ambayo asubuhi ilianza kwa seredani kuwashwa kwa vifuu vya nazi na kupepewa kwa kipepeo cha ukindu hata makaa yakawa mekundu. Nikaolewa Ukambani, nikasomesha Kiswahili katika shule za huku kwa muda wa miaka thelathini, na tangu nilipostaafu nakaa Malili pamoja na mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye umri wake umepita themanini na ambaye hadi leo ana shaka na chakula kilichoiva pasipo moshi. Nina ada ya kuandika matumizi ya nyumba katika daftari. Mwisho wa mwezi mmoja, nilipojumlisha safu ya makaa, safu ya mafuta ya taa na safu ya gesi, niliona kwamba moto umetugharimu zaidi ya unga, na siku ile ile nikaazimia kuujua moto wangu: watoka wapi, wauzwaje, na je, upo mwingine ulio safi zaidi ambao mtu wa pensheni ya ualimu aweza kuumudu?

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mwuza makaa wa mtaa wetu. Mtu huyu ana vipimo vitatu, yaani gunia, debe na mkebe wa rangi, na ustadi wake wote umo katika hicho kipimo kidogo, kwani huyapanga makaa kama fundi apangaye mawe ya ukuta, vipande virefu vikisimama pembeni na nafasi zikibaki katikati, kisha juu ya mdomo wa mkebe hujenga kilemba kirefu kinachomfurahisha mteja na kuyaficha mashimo yaliyo chini. Gunia ni nafuu kuliko mikebe yake ikijumlishwa, na kila mama wa hapa aijua hisabu hiyo bila kufundishwa. Walakini mwenye shilingi mia mkononi saa kumi na moja za jioni, watoto wakimngoja, hawezi kununua mwezi mzima wa moto, hununua jioni ile tu. Nguvu ya makaa, nilivyokuja kufahamu, haimo katika joto lake peke yake. Imo katika kuuzwa kwa kiasi cha fedha aliyo nayo maskini siku hiyo.

Nako yatokako ni mbali zaidi ya tunavyodhani. Katika tanuri la kienyeji, ambalo ni magogo yaliyofukiwa kwa majani na udongo yakaachwa yaungue polepole pasipo hewa ya kutosha, kilo moja ya makaa hutaka kilo 6 hadi 10 za kuni, kwa hivyo sehemu kubwa ya mti huwa imekwisha kupotea angani kabla mkebe haujajazwa. Miti hiyo ni migunga ya nchi kavu, ambayo hukua kwa taratibu ya watu wenye subira, na Kitui iliyaona madhara yake hata mwanzoni mwa mwaka 2018 gavana wake wa wakati ule, Bi. Charity Ngilu, akapiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti. Gari moja la makaa likachomwa moto huko Kanyonyoo, na kelele zikafika hadi Kiambu, kwa wafanyabiashara. Mwezi Februari Serikali Kuu nayo ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, amri iliyodumu mpaka Julai 2023. Sisi wanunuzi tuliyahisi hayo yote kwa namna moja tu. Bei ya mkebe haikupanda sana. Mkebe wenyewe ndio ulioanza kubonyea kitako, ukaingia ndani kama tumbo la mwenye njaa, na kila mwezi ukabonyea zaidi.

Kabla ya kuyatukana makaa, insafu yataka nilitaje jiko lenye kiuno. Wasimulizi wa historia husema kwamba jiko la bati tupu lililetwa na Wahindi waliojenga reli, hiyo hiyo iliyopita hapa Konza ikafika Nairobi mwaka 1899. Na jiko hilo likapika chai ya nchi nzima kwa miaka themanini, likipoteza joto kila upande. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya, uliofanyika Nairobi Agosti 1981, mafundi wetu walichukua fikira kutoka kwa ndoo ya udongo ya Thailand, wakaitia katika bati la mafundi wa jua kali, wakaibana katikati, na likazaliwa jiko ambalo sasa liko katika kila soko la Afrika Mashariki. Udongo ulio ndani hushika joto, na makaa hupungua kwa theluthi moja au hata nusu. Katika majaribio yangu yote, hakuna fedha ndogo iliyonirudishia faida kubwa kama ile niliyonunulia jiko hilo, wala sioni fahari yoyote kulidharau kwa sababu si jambo jipya.

Lakini moshi na sumu havikomi kwa kubadili jiko. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, na mimi nikisoma hesabu hiyo huyakumbuka macho ya mama mkwe wangu, mekundu siku zote, na kikohozi chake cha alfajiri anachokiita baridi. Yeye hapiki ndani kwangu. Ana jiko lake la mafiga matatu nyuma ya nyumba, chini ya paa jeusi la masizi, na nilipomsihi aliache alinijibu swali ambalo vitabu vyangu havikuwa na jibu lake: "Na mbegu, mwalimu, utazikausha kwa gesi?" Nikainua macho, nikaona masuke ya mahindi yamening'inia darini, yamekolea moshi, na si hata punje moja iliyotobolewa na fukusi. Moshi ule ule unaomliza ndio mlinzi wa mbegu zake za msimu ujao. Tangu siku hiyo nimeacha kuwaambia watu kwamba moto wao hauna faida.

Gesi niliingia kwa furaha. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, 55 hupikia kuni, 24 gesi, na 12 hivi makaa. Na kama nyumba za gesi ni nyingi kiasi hicho, sababu moja ni kwamba mwaka 2016 ilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hiyo ikarudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa kuwa 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa tena mwaka 2023, na daftari langu lina alama za mabadiliko hayo yote, maana kila yalipotokea mtungi wa kilo 6 ulikaa jikoni ama ukapelekwa stoo. Ubora wa gesi sina haja ya kuusifu: yawaka mara moja, yazimika mara moja, sufuria haisuguliwi kwa majivu, na chai ya mgeni haimngojei mwenyeji apepee.

Ila mtungi nao una hila zake. Siku moja nilinunua mmoja kwa mchuuzi wa barabarani ambaye sitamtaja, nao ukaisha kwa siku kumi na mbili badala ya majuma yake matatu. Nikajilaumu kwa kupika maharagwe, nikamlaumu mume wangu kwa maji ya kuoga, hata jirani mmoja, mstaafu kama sisi, akanifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua tangu zamani, yaani kwamba kila mtungi umepigwa chapa shingoni, na katika chapa hiyo mmeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Ukiuongeza uzito huo kwa kilo 6, ndiyo jumla ambayo mizani haina budi kuionyesha. Wa pili niliupeleka kwenye mizani ya mahindi kabla ya kuulipia. Ulipungua kilo moja na robo. Mchuuzi akaitazama mizani, akanitazama mimi, akasema mizani ni mbovu. Nikamwambia basi na tupime gunia lako la unga, naye akaingia ndani akatoa mtungi mwingine.

Baada ya hapo nikaiandama gesi ya samadi, nayo ilinichukua moyo kwa muda mrefu, kwa maana ni nani asiyependa kuambiwa kwamba ng'ombe wake wawili wanatosha kumpikia? Kazi yake si fumbo: samadi mbichi huchanganywa na maji, ndoo kwa ndoo, ikamiminwa katika shimo lililojengewa au mfuko mrefu wa plastiki ngumu usiopitisha hewa, na humo vijidudu vyake huila, vikitoa hewa ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, hewa iwakayo kwa ulimi wa buluu, na ujiuji unaobaki ni mbolea nzuri kuliko samadi yenyewe. Katika milima ya Kati, ambako ng'ombe hufungwa zizini na mabomba yana maji, nimeona nyumba zilizosahau kuni kabisa. Basi nilikwenda kumwangalia mfugaji mmoja upande wa pili wa barabara, aliyepewa mfuko huo kwa mkopo. Niliukuta umelala juani, umesinyaa kama ngozi ya nyoka. Ng'ombe wake hushinda malishoni, na samadi yao imesambaa uwanda mzima. Na maji ya kuchanganya, ndoo kadhaa kila siku, hununuliwa kwa madumu ya lita 20 yaletwayo na mikokoteni ya punda. "Mama," aliniambia, "nikiwa na maji ya kumpa mfuko, nitampa kwanza ng'ombe." Sikuwa na la kuongeza. Nishati hii ni safi, ni nzuri, nayo yawafaa watu wa mahali pa mvua.

Ikabaki stima. Kwa muda mrefu niliamini kama wengi kwamba kupikia stima ni israfu ya matajiri, na kwa jiko lile la waya mwekundu nilikuwa na haki. Lakini binti yangu aliniletea chungu cha stima chenye kifuniko cha kufunga kwa mvuke, nami nikaamua kukipa mtihani ulio mgumu kuliko yote Ukambani, yaani muthokoi. Asiyeujua muthokoi na ajue kwamba ni mahindi makavu yaliyotwangwa kwa maji kidogo hata maganda yakatoka, yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, na kwamba ndicho chakula cha heshima na cha kila siku kwa pamoja, na ukaidi wake motoni ni wa punda. Niliroweka usiku vipimo vitatu vilivyo sawa. Cha kwanza nilikiteleka juu ya jiko lenye kiuno: kiliiva kwa saa tatu kasorobo, kikala mkebe mmoja na ziada, yaani zaidi ya shilingi 100. Cha pili nikakitia kwenye gesi, nikiupima mtungi kabla na baada: gesi ya shilingi kama 80. Cha tatu nikakifungia ndani ya kile chungu, nikaandika namba ya mita, nikaenda kuketi barazani. Kwa saa moja kikawa tayari, na mita ilikuwa imekula robo tatu ya uniti, ambayo kwa tokeni za siku ile ni kama shilingi 20.

Nilirudia mara mbili, maana sikuamini. Sababu yake, nilipoitafuta, si muujiza: moto wa mafiga hupasha upepo na kuta kuliko unavyopasha sufuria, ilhali chungu hiki kimevikwa koti, na mvuke uliofungiwa ndani huyapandisha maji joto kupita mchemko wa kawaida, kisha chenyewe hujizima kwa vituo. Tena stima yetu, tofauti na ya nchi nyingi zichomazo makaa ya mawe, kwa sehemu kama tisa katika kumi haina moshi: karibu nusu yatoka katika mvuke wa ardhi wa Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kufanya kazi mwaka 1981, na nyingine ni ya maji ya Mto Tana na ya upepo wa Turkana. Yashangaza kidogo kufikiri kwamba maharagwe ya Malili yaweza kuivishwa na joto la tumbo la dunia huko Bonde la Ufa, nasi hatukuwahi kulifikiria kuwa ni moto wa jikoni.

Nilimpelekea mama mkwe sahani. Akala polepole, akatafuna, akatazama ukuta, akamaliza. Kisha akatoa hukumu yake: "Umeiva, mwanangu. Ila haukupikwa."

Sikumbishia, kwa kuwa hata mimi nilijua kinachokosekana ni ile harufu ya moshi; lakini nina malalamiko yangu mwenyewe, nayo si ya ladha. Stima hukatika, na aghalabu hukatika jioni, wakati ambapo kila nyumba inaihitaji. Chungu chenyewe ni cha lita 6, kisichotosha arusi wala msiba. Na bei yake, ijapokuwa kitajilipa katika muda wa miezi michache kwa hisabu ya mkebe, hudaiwa yote kwa siku moja, na hapo ndipo mwenye shilingi mia anapoachwa nyuma tena, yeye ambaye angefaidika kuliko sote.

Kwamba haifai kuwa hivyo, jua limekwisha kutuonyesha. Koroboi zilikuwa katika kila nyumba ya mtaa huu nilipofika, na mafuta ya taa yaliuzwa kwa chupa ndogo. Leo sijui nyumba inayowasha koroboi, na sensa ile ya 2019 ilikuta karibu nyumba moja katika kila tano nchini ikiwashwa taa kwa sola. Kibao cha sola kilikuwapo tangu zamani, lakini kilikuwa kitu cha wenye fedha za mkupuo. Kilichobadilisha mambo ni M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na baada yake kampuni kama M-KOPA, zilizoanza mwaka 2012 kuwauzia watu taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku yanayotumwa kwa simu, na asiyelipa leo taa yake hulala. Jua liliingia katika mkebe wa rangi. Nairobi kadhalika imejaribiwa gesi yenye mita juu ya mtungi, mteja akalipia mapishi ya siku moja, na ethanoli iliyouzwa kwa mashine za madukani kwa kiasi cha fedha aliyo nayo mtu. Huku kwetu bado nangojea. Atakayekuja kuuza chungu cha stima kwa shilingi 30 kwa siku, sidhani kama mwuza makaa wetu ataweza kushindana naye, kwa mkebe uliobonyea wala kwa ulionyooka.

Yako na mafuta ya mimea, ambayo nayataja kwa kupita kwa sababu yametupita. Mwongo wa kwanza wa karne hii watu wa Kibwezi waliambiwa wapande mbono wapate utajiri, hata utafiti wa mwaka 2009 ukashauri kwamba mkulima mdogo asiupande ila kwa ugo wa shamba. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu za mbarika na nyinginezo katika kaunti yetu hii ya Makueni, na Oktoba mwaka ule ule mafuta ya kwanza yalipakiwa Mombasa kwenda Gela, kusini mwa Italia, yakageuzwe dizeli safi. Mkulima hupata fedha, na fedha ni kitu kizuri. Hata hivyo, nikiwa barazani nikiyaona malori yakiteremka kuelekea pwani, moja na mafuta ya mbarika labda, na jingine likipanda kutoka huko na mitungi ya gesi iliyovuka bahari, hujiuliza kama hayo mawili hayangeweza kukutana papa hapa Malili yakapunguza safari.

Juma lililopita mama mkwe alikuwa na wenzake wa mwethya, wazee wanawake kumi na wanne waliokuja kumsaidia kupalilia mbaazi. Tangu alfajiri nilimwona akizunguka jikoni kwangu, akikifungua kile chungu, akakifunga, akaingiza mkono ndani kama apimaye kisima. Hatimaye akaniuliza kinachukua muthokoi wa watu wangapi, nami nikamwambia sita, kwa shida saba. Akahesabu kwa vidole. Kisha akamwita mjukuu, akampa shilingi mia tatu akalete mikebe mitatu, na akamwonya autazame mkebe kitako kwanza, akayapanga mafiga yake, akateleka sufuria kubwa, na alipokuwa akipepea, macho yakimchuruzika, aliniambia pasipo kugeuka: "Hicho chako kitie maharagwe. Wale wasio na meno watakula kwanza."